Seva ina kore 64 lakini kazi haikimbii: jinsi ya kuipanga kerneli ya Linux

Wakuu habari za kazi. Huku kusini watu wameanza kuagiza seva kubwa za mtumba, unakuta jamaa anachakata picha za droni za mashamba ya mikorosho kule Tandahimba, au ofisi inatunza databesi ya wakulima na mizigo ya maghalani, wamepata mashine ya soketi mbili yenye kore za kumwaga, wanapiga Debian au Ubuntu, wanawasha, halafu wanashangaa mbona kazi haiendi. Kore zipo 64, kila moja inajigawa thredi mbili, jumla thredi 128, ila kompyuta ya mezani ya kore 8 inakaribiana nayo kabisa. Hapo mtu anaanza kulalamika kauziwa mbovu, na mara nyingi wala sio mbovu, haijapangwa tu.

Kitu cha kushika kabla ya yote ni hiki, kwenye mashine za namna hii shida huwa sio uchache wa kore, shida ni memori iko umbali gani na kore inayoiomba, na ni vitu gani kore zote zinavigombania kwa wakati mmoja. Karibu kila setingi nitakayotaja humu inarudi kwenye hayo mawili. Na la pili, mengi ya haya hayahitaji kukompaili kerneli, yaani kujenga upya kile kiini cha Linux kinachoendesha mashine, unayafanya kwa mstari wa kubutia (maneno kerneli inayopewa wakati inaamka) na sysctl (setingi zake unazobadili ikiwa inakimbia), kwa hiyo usikimbilie kushusha sosi kodi na kumaliza bando bure.

Mfano nitakaoutumia ni mashine yenye AMD EPYC 7551 mbili, kwa sababu ndo aina inayofikika bei kwa sasa na pia inafundisha vizuri. Hiyo prosesa ilitoka 2017, kila soketi ina kore 32, lakini kwa ndani sio kipande kimoja, ni vipande vinne vya kore 8 vilivyounganishwa, na kila kipande kina njia zake mbili za memori. Maana yake kerneli haioni prosesa mbili, inaona nodi 8 za NUMA, yaani mafungu 8, kila fungu kore na memori iliyo karibu nazo. Kore ikiomba data iliyopo kwenye memori ya nodi yake inapata haraka, ikiomba ya nodi nyingine inasubiri zaidi, ikiomba ya soketi ya pili inasubiri zaidi ya hapo. Kizazi kilichofuata cha 2019, yaani EPYC 7002, memori yote ilihamishiwa kwenye kipande kimoja cha katikati, hivyo soketi nzima inaweza kuonekana kama nodi moja, na kwenye BIOS unachagua mwenyewe NPS1, NPS2 au NPS4, yaani nodi moja, mbili au nne kwa soketi. Kama yako ni hiyo ya 2019 anza na NPS1, NPS4 iwe kwa mtu ambaye yuko tayari kufunga kila kazi kwenye nodi yake.

ANZA KWA KUANGALIA, USIGUSE KITU

Piga hizi mbili:

lscpu
numactl --hardware

Numactl kama haipo ishushe kwa apt install numactl. Ya kwanza inakupa idadi ya soketi, kore, thredi na nodi. Ya pili ndo yenye utamu, isome mstari kwa mstari. Kwenye mashine ya mfano wetu utaona kitu kama hiki:

node 0 cpus: 0 1 2 3 4 5 6 7 64 65 66 67 68 69 70 71

Hapo namba 0 hadi 7 ni kore halisi za kipande cha kwanza, na 64 hadi 71 ni thredi pacha za kore hizo hizo, sio kore nyingine. Hii ikumbuke kwa sababu tutaitumia tukianza kufunga kazi kwenye kore. Chini ya hapo kuna saizi ya memori ya kila nodi, na hapa nakuomba utulie kidogo uangalie vizuri, maana ukiona mstari kama huu

node 1 size: 0 MB

basi acha kila kitu kwanza, zima mashine, chukua bisibisi. Maana yake kuna kipande kizima cha kore 8 ambacho hakina memori hata moja upande wake, kila inachokihitaji kinaenda kuchukuliwa kwa jirani. Inatokea sana kwenye seva za mtumba, muuzaji katoa vijiti vya RAM kauzia wengine, akabakiza vinne au sita, tena kavichomeka popote. Soketi moja ya prosesa hii ina njia 8 za memori, inataka vijiti 8 ili kila njia iwe na chake. Kama huna hela ya vijiti 16 kwa soketi mbili, angalau vigawanye ili kila kipande kipate kimoja, na nafasi zipi ni za kipande kipi imechorwa kwenye kitabu cha ubao mama, usikisie. Hakuna setingi ya kerneli itakayofidia hilo. Nasema kwa uzito kabisa kwa sababu naona watu wanahangaika na sysctl wakati RAM imechomekwa upande mmoja.

Mwisho wa hiyo komandi kuna jedwali la umbali. Nodi na yenyewe ni 10, nodi za soketi moja ni 16, za soketi ya pili ni 32. Hizo sio sekunde wala mita, ni uwiano ambao BIOS inaiambia kerneli, na kerneli inautumia kuamua kazi ihamie wapi pakijaa. Ukikuta nodi moja au mbili tu wakati prosesa ni hii ya 2017, ingia BIOS, kuna mtu kawasha kitu kinaitwa memory interleaving cha soketi au cha die, kinaficha ukweli wote huo. Kiweke channel.

Halafu cheki kama kore zote zimeamka:

dmesg | grep -i -E "smpboot|topo"
cat /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource

Kwenye ya kwanza unaangalia kama kuna lawama ya NR_CPUS, ambayo inatokea kama kerneli ilikompailiwa kwa idadi ndogo kuliko prosesa zilizopo, zinazozidi zinaachwa zimelala. Kerneli za kawaida za Debian na Ubuntu hazina hii shida, zimewekwa hadi 8192. Ya pili inatakiwa ijibu tsc, yaani saa iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Ikijibu hpet hapo una tatizo kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu kila programu inayouliza saa ni ngapi, na databesi zinauliza mara nyingi mno, inaenda kupanga foleni kwenye kidude kimoja cha nje ya prosesa, thredi 128 zote zinasubiri hapo. Mara nyingi ni BIOS ya zamani, iapdeti kwanza.

PIMA KAZI YAKO YENYEWE

Washa kazi yako ya kweli, ile ya kila siku, sio programu ya majaribio, halafu fungua dirisha lingine:

mpstat -P ALL 2
perf top
numastat -p jina_la_programu

mpstat inakuonyesha kore moja moja. Ukiona kore moja iko asilimia 100 kwenye safu ya soft na nyingine zimepoa, hiyo ni kadi ya mtandao inayosukuma kila kitu kwa kore moja, tutafika. perf top ukiona juu kabisa kumekaa native_queued_spin_lock_slowpath basi kore zinagombania kufuli moja ndani ya kerneli. Ni sawa na ghala lenye wabeba magunia 64 na mzani mmoja, ukiongeza wabebaji unaongeza foleni ya mzani tu, korosho hazipimwi haraka zaidi. Dawa sio kuongeza thredi za programu, dawa ni kuzipunguza au kuigawa kazi.

Na hesabu yake inajulikana tangu 1967, Gene Amdahl ndo aliyeiweka wazi. Kama asilimia 5 ya kazi yako haigawanyiki, lazima ifanywe na kore moja, basi ukiwa na kore 64 kasi itaongezeka mara 15 na ushee tu, na hata ukiwa na kore elfu moja huvuki mara 20. Kwa hiyo mtu anayetegemea mara 64 aondoe hiyo kichwani mapema. Kerneli yenyewe imepitia humo humo, Linux ilianza kukubali prosesa zaidi ya moja kwenye toleo la 2.0 mwaka 1996 ikiwa na kufuli kubwa moja la kufungia karibu kila kitu, na kazi ya kulivunja vunja hilo kufuli iliisha 2011 kwenye 2.6.39. Miaka 15 hiyo.

Andika namba unazozipata sasa hivi. Kazi inamaliza kwa dakika ngapi, databesi inajibu maombi mangapi kwa sekunde. Bila hiyo hutajua setingi ipi imesaidia na ipi umeiweka kwa mkumbo.

JIWEKEE NJIA YA KURUDI KABLA HUJABADILI

Hii ni kwa wenzangu ambao seva iko Newala au Nachingwea na wewe uko Mtwara mjini. Ukikosea mstari wa kubutia, seva haiamki, na hapo ni kupanda gari. Sasa fanya hivi, kwenye /etc/default/grub (setingi za GRUB, ile programu inayoiamsha kerneli) weka

GRUB_DEFAULT=saved

kisha update-grub, kisha iambie kerneli unayoiamini ndo iwe ya kudumu kwa grub-set-default, halafu ile ya majaribio unaiita mara moja tu kwa grub-reboot. Kwenye mstari wa kerneli ya majaribio ongeza panic=30. Ikianguka wakati inaamka, inasubiri sekunde 30 inajiwasha yenyewe, na safari hii inarudi kwenye ile ya zamani. Angalizo moja, hii inataka /boot iwe kwenye patisheni ya kawaida, ikiwa juu ya LVM au RAID ya programu, GRUB haiwezi kuandika kumbukumbu yake na itaendelea kuita ile mbovu kila mara. Kama seva ina IPMI, yaani njia ya kuisimamia kwa mbali hata ikiwa imezimwa, iunganishe na uijaribu ukiwa bado umekaa mbele ya mashine, sio siku ya shida.

MSTARI WA KUBUTIA NA SYSCTL

Sasa twende kwenye vyenyewe. Kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX mimi naanza na

preempt=none transparent_hugepage=madvise

na sio zaidi. Hiyo ya kwanza inaiambia kerneli isiwe inakatiza kazi katikati ili kuwahi nyingine, inafaa seva ya kuchakata mzigo mkubwa, ambapo unataka kazi nyingi ziishe na sio kipanya kijibu haraka. Zamani ilibidi ukompaili upya kwa ajili hiyo, lakini tangu 5.12 ya mwaka 2021 unachagua wakati wa kuwasha tu, ilimradi kerneli imejengwa na PREEMPT_DYNAMIC, na ukipiga uname -v utaliona neno hilo hilo kama ipo. Ya pili inaacha kurasa kubwa za memori kwa programu zinazoziomba zenyewe, badala ya kerneli kumlazimishia kila mtu na kuanza kukusanya vipande vya memori katikati ya kazi.

Utakutana na ushauri wa kuweka isolcpus, nohz_full na rcu_nocbs. Hizo zina kazi yake, zinatenga kore zisisumbuliwe na chochote, wanaohitaji ni watu wa simu na redio na mitambo ambapo kuchelewa kidogo tu ni hasara. Kwa databesi na picha za droni utakuwa umejifungia kore nje ya nyumba yako. Pia kuna mitigations=off, inazima kinga za Spectre na Meltdown, yale matundu ya usalama ya prosesa yaliyotangazwa Januari 2018, na kweli kasi inaongezeka kwa baadhi ya kazi, ila kama kwenye seva hiyo kuna mtu mwingine anaingia au unaendesha kodi usiyoiandika wewe, usithubutu. Taarifa za wakulima wa watu zimo humo.

Kwa upande wa sysctl tengeneza faili /etc/sysctl.d/90-kore.conf uweke

kernel.numa_balancing = 1
vm.zone_reclaim_mode = 0
kernel.sched_autogroup_enabled = 0
vm.swappiness = 10
vm.dirty_background_bytes = 268435456
vm.dirty_bytes = 1073741824

halafu sysctl --system. Hiyo numa_balancing inaifanya kerneli iwe inachunguza kazi ipi inachota memori ya mbali, kisha inaisogeza kazi au inaisogeza memori. Ni nzuri kama hufungi kazi kwa mkono. Ukishaanza kufunga kwa mkono, izime, maana itakuwa inachunguza bure. zone_reclaim_mode kwa kerneli za miaka hii tayari ni 0, naiweka kwa sababu kuna mafaili ya setingi ya zamani yanazunguka yanaiwasha, na ikiwa 1 nodi ikijaa inaanza kutupa kashe yake wakati jirani yake ana memori tele.

Hizo mbili za mwisho nataka tuzizungumze vizuri kwa sababu kwetu ni muhimu kuliko kwa mtu aliyeko kwenye dataseta ya Ulaya. Kerneli ikiandika faili haipeleki diski hapo hapo, inaliweka kwanza kwenye memori. Kiwango cha kawaida ni asilimia, vm.dirty_ratio ni 20. Kwenye laptopu ya GB 8 hiyo ni kitu kidogo, lakini kwenye seva ya GB 256 asilimia 20 inakaribia GB 50. Sasa una kore 64 zinazalisha picha kwa pamoja, diski haiwahi, GB kumi na kitu zinasubiri kwenye RAM, umeme unakatika, UPS betri imechoka, kwisha. Ukiweka kwa baiti badala ya asilimia, 1073741824 ni GB 1, diski inaanza kuandika mapema na kinachoweza kupotea kinabaki kidogo. Kazi inaweza kupungua spidi kiasi wakati wa kuandika kwa wingi, mimi nakubali bei hiyo bila kufikiria mara mbili.

Kwa wenye PostgreSQL, memori ya pamoja ikiwa kubwa weka kurasa kubwa za uhakika. Tuseme shared_buffers ni GB 64, kurasa ni za MB 2, ni 32768, ongeza kidogo za ziada, weka kwenye vm.nr_hugepages. Kuanzia toleo la 15 unaweza kuiuliza yenyewe ikiwa imezimwa, kwa postgres -C shared_memory_size_in_huge_pages, inakupa namba kamili. Kerneli itazigawa sawasawa kwenye nodi zote, na hapo ndo utaona faida ya ile kazi ya bisibisi.

INTARAPTI ZA MTANDAO NA DISKI

Intarapti ni ile kengele ambayo kadi au diski inaipigia kore kwamba kuna kazi. Fungua /proc/interrupts, panua dirisha kwa sababu lina safu 128, tafuta jina la kadi yako. Ukiona namba zote zimekusanyika safu moja ndo ile kore moja tuliyoiona inaungua. Kwanza jua kadi iko nodi ipi:

cat /sys/class/net/eno1/device/numa_node
ethtool -l eno1

Ya pili inakuambia kadi ina foleni ngapi. Baadhi ya kadi za gigabiti 1 zinazokuja na seva zina foleni 8 kwa poti, na nodi yetu ina kore 8, kwa hiyo inakaa vizuri, unapiga ethtool -L eno1 combined 8 kisha kila intarapti unaipa kore yake ndani ya nodi ile ile, kupitia /proc/irq/namba/smp_affinity_list. Kabla ya hapo simamisha irqbalance kama inaendeshwa, la sivyo itakupangua baada ya muda mfupi na utadhani seva ina mapepo. Kama hutaki kuhangaika na namba moja moja, iache irqbalance ifanye, kwa ofisi ya kawaida inatosha kabisa. Kadi ikiwa na foleni moja tu, tumia RPS, unaandika ff kwenye /sys/class/net/eno1/queues/rx-0/rps_cpus na kerneli inagawa pakiti kwa kore 0 hadi 7 zenyewe.

Diski za NVMe hazina maneno, tangu 3.13 ya mwaka 2014 kerneli inajua kugawa foleni za diski kwa kila kore, angalia tu kwamba /sys/block/nvme0n1/queue/scheduler iko kwenye none. Za SATA ziache mq-deadline.

KUFUNGA KAZI KWENYE NODI

Hapa ndo nimeona faida kubwa kuliko penginepo pote. Programu ya picha ambayo inaweza kugawanywa kwa shamba shamba, usiiendeshe moja kubwa yenye thredi 128, endesha nane ndogo, kila moja kwenye nodi yake:

numactl --cpunodebind=0 --membind=0 ./chakata shamba_a
numactl --cpunodebind=1 --membind=1 ./chakata shamba_b

na kuendelea hadi nodi ya 7. Kila moja inakula memori ya nyumbani, hakuna anayevuka soketi, na kufuli za ndani ya programu zinagombaniwa na thredi 16 badala ya 128. Ila kuwa mwangalifu na membind, nodi ikiishiwa memori kazi inauliwa hata kama jirani ana nafasi, kwa hiyo kama huna uhakika na ukubwa wa kazi tumia --preferred badala yake. Jaribu pia kuendesha thredi 8 kwa kila nodi badala ya 16, yaani kore halisi tu. Kazi za hesabu nzito mara nyingine zinaenda vizuri zaidi bila pacha, nyingine hapana, pima ujue.

Databesi moja kubwa ni kinyume chake, yenyewe memori yake inatumiwa na kila mtu, ukiifunga nodi moja utajaza nodi hiyo na kuanza kuswapu wakati RAM nyingine iko wazi. Hiyo iwashe kwa numactl --interleave=all, memori inasambaa nodi zote sawasawa, hakuna aliye karibu sana wala mbali sana. Kwa systemd unaandika NUMAPolicy=interleave na NUMAMask=all kwenye faili la huduma, inadumu hata baada ya kuwasha upya. Na kama databesi na picha ziko seva moja, zitenganishe kwa AllowedCPUs, mpe databesi soketi moja na picha soketi ya pili. Baada ya hapo rudi numastat -p, utaona safu za nodi zimebadilika sura.

JOTO NA UMEME

Prosesa moja ya 7551 inakula wati 180, mbili ni 360, hapo bado RAM, diski na feni. Kwa joto la Mtwara la Novemba na Desemba kabla mvua hazijakolea, chumba bila kiyoyozi ni kujidanganya, na ukiwa Shangani au Mikindani karibu na bahari kuna na chumvi inayokula viunganishi, funga madirisha. Gavana ndo inayoamua kore ikimbie kwa kasi gani, ile ya performance unaiweka kwa cpupower frequency-set -g performance, inasaidia databesi kwa sababu kore haisubiri kupanda kasi. Lakini joto likipanda, angalia kwa sensors, afadhali kuzima ile kasi ya ziada:

echo 0 > /sys/devices/system/cpu/cpufreq/boost

Kore zinatulia kwenye GHz 2.0 yake ya kawaida, zote, muda wote, na jenereta inapumua. Kwa kazi inayokimbia usiku kucha hiyo ni bora kuliko kasi inayopanda na kushuka.

UKITAKA KUKOMPAILI KWELI

Sababu za kweli ni chache, labda unataka toleo jipya ambalo distro yako haina, mfano skejula (mpanga zamu za kazi) ya EEVDF iliyoingia 6.6 mwaka 2023 wakati Debian 12 iko 6.1, au umerithi kerneli ambayo mtu aliijenga kwa NR_CPUS ndogo au akaacha PROVE_LOCKING imewashwa, hiyo ya mwisho inakagua kila kufuli na kwenye kore nyingi inaua mashine kabisa. Kabla hujajenga, kama Debian yako ina backports, yaani hazina ya matoleo mapya kwa Debian ya zamani, angalia huko kwanza. Ukiamua, shusha sosi kodi, ifungue, ingia kwenye folda yake, kisha:

apt install build-essential bc bison flex libssl-dev libelf-dev libncurses-dev debhelper rsync
cp /boot/config-$(uname -r) .config
make olddefconfig
scripts/config --disable MAXSMP --set-val NR_CPUS 256
scripts/config --enable HZ_100 --disable HZ_250
scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""
scripts/config --enable DEBUG_INFO_NONE
make olddefconfig
make -j$(nproc) bindeb-pkg

MAXSMP ikiwa imewashwa NR_CPUS haibadiliki, inabaki 8192, ndo maana tunaizima kwanza. Faida ya kushusha hadi 256 ni ndogo, orodha ya prosesa inapungua kutoka baiti 1024 hadi 32, usitegemee miujiza. HZ, yaani mara ngapi kwa sekunde kila thredi inashtuliwa kuangalia zamu, ina maana zaidi, thredi 128 zikiwa zote na kazi kwa HZ 250 ni mitikisiko 32,000 kwa sekunde ya kushtua kore tu, kwa 100 ni 12,800. Hakikisha NUMA, X86_64_ACPI_NUMA, NUMA_BALANCING, SCHED_MC na SCHED_SMT zote ni y. Na kama siku moja utapata mashine yenye thredi zaidi ya 255, X86_X2APIC na IRQ_REMAP ni lazima, bila hizo zinazozidi haziamki.

Usitumie make localmodconfig kwenye seva ya mbali. Inajenga moduli zilizopakiwa wakati huo tu, siku utachomeka diski ya nje ya bakapu ije ikatae na wewe uko Lindi mjini.

Sakinisha kwa dpkg -i linux-image na linux-headers, ita kwa grub-reboot kama tulivyosema, ikiamka piga uname -r, lscpu, numactl --hardware tena, linganisha na namba zako za mwanzo. Iache ifanye kazi ya kweli wiki nzima ndipo uipe grub-set-default, na ile kerneli ya distro usiifute.